Bao Tusilolishangilia

Zaina, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari ya koti zito, ya dawa ya kifua na ya kutompa mtu yeyote ufunguo wa chumba chako, kwa hiyo katika hayo sina la kuongeza. Namsikia chumbani akilifungua tena sanduku ambalo amelifunga tangu adhuhuri. Wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Jua la mwisho wa Agosti limefika kwenye ukuta wa nyumba ya ng'ambo, matofali yamekuwa mekundu kama makaa, na barabara yetu nzima ya Saint-Josse, hapa Brussels, pamoja na muuza simu na kinyozi na vijana wa mlangoni, imetulia kana kwamba mtu ameiambia isubiri kidogo.

Naandika juu ya meza yako. Nimeiondoa ile nailoni iliyoifunika. Utakaporudi utaiona, nami najua utasimama mlangoni kwanza, kama kawaida yako. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome kabla hatujatoka asubuhi.

Mwalimu aliyenifundisha kuandika barua, kule Buyenzi, Bujumbura, alikuwa mkali. Alitaka salamu, kisha dhumuni, kisha hitimisho, na ukichanganya alikurudishia karatasi mbele ya darasa zima. Nimejaribu kuufuata utaratibu wake, na karatasi zilizochanwa ziko ndani ya ndoo jikoni. Dhumuni langu halitaki kukaa mahali pake. Kila nikianza habari ya safari yako ya Lyon, najikuta niko Berchem, kando ya kiwanja cha mpira, asubuhi ile ya Mei, ukungu umelala juu ya nyasi hata miguu ya wachezaji haionekani, wanapita kama watu wanaoelea.

Unaijua sheria ya ligi yetu ya kuchagua wachezaji wapya, lakini hujui ilivyoanza. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Wakati ule kila kijana aliyefika Brussels kutoka Bujumbura, Uvira au Lubumbashi, akiwa na miguu mizuri, alikwenda moja kwa moja kwenye timu iliyoshinda msimu uliopita. Nani angekwenda kwa walioshindwa? Timu moja ikawa inazifunga nyingine mabao saba, na timu mbili zikakaribia kuvunjika. Wazee wa timu zote sita za mitaa tukakutana. Nikasimama mimi, nikasema kwamba nyumbani aliyekuwa mgonjwa ndiye anayepakuliwa kwanza. Basi wageni wasichague timu. Timu ziwachague wao, na iliyomaliza mkiani itangulie kuchagua. Wakapiga makofi. Papa Kalenga, ambaye wakati huo hakuwa rafiki yangu bado, alivuka ukumbi kuja kunishika mkono. Tangu siku hiyo, msimu ukiisha, vijana wapya husimama kwenye mstari wa pembeni, na mzee wa timu ya mwisho hutembea mbele yao akiwa na jezi mkononi, kisha humvisha mmoja begani.

Nilijivunia sheria ile kwa miaka mingi. Bado naamini ilikuwa ya haki. Ila sikufikiri ingetufanya nini sisi tunaokaa kando kutazama.

Unakumbuka msimu huu. Sisi wa Saint-Josse tulikuwa wa mwisho, na wa Saint-Gilles walikuwa hatua moja tu juu yetu. Na mwezi Machi alifika Deo. Watu walimwona akichezea mpira peke yake nyuma ya majengo ya Berchem, mguu wa kushoto, mpira haumwachi, kama mbwa aliyefugwa vizuri. Habari ikaenea kwa kinyozi, msikitini, kanisani kwa akina Kalenga, kwenye tramu. Wala hakuna aliyetamka lolote la wazi. Lakini wiki zikawa zinapita, na nikaanza kusikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: watu wetu wakipokea habari ya kufungwa kwa sauti ya upole, kama wanaopokea habari ya mvua baada ya kiangazi.

Mechi ya mwisho ikawa sisi na wao. Sare ingetuacha mkiani, na mkiani ndiko alikokuwa Deo.

Papa Kalenga alikaa upande wangu wa kulia, wewe upande wa kushoto. "Mwalimu," akaniambia, "leo tushinde juu ya nini? Tukishinda, Deo anaenda ku Saint-Gilles. Alors ile trois points za ushindi tutafanya nayo nini, tutakula?"

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukamwinamia Kalenga mbele ya magoti yangu ukamwuliza huyo unayemwita mjomba, "Donc tonton, umetoka nyumbani na hii baridi kuja kuomba tufungwe?"

"Mutoto, mimi siombi kitu. Niko naangalia tu."

"Unaangalia kama mutu mwenye anangojea basi."

Hiyo ilikuwa kweli. Sote tulikuwa tunangoja basi. Na ng'ambo ya kiwanja wale wa Saint-Gilles walikuwa hivyo hivyo, mikono mifukoni, kwa sababu wao nao walitaka tuwafunge ili waingie mkiani. Sijawahi kuona kimya cha namna ile kwenye mpira. Wachezaji peke yao ndio waliokuwa wakicheza kwa dhati, maskini, nadhani hakuna aliyethubutu kuwaambia vinginevyo. Mpira ulipogongwa tulisikia mlio wake kama mtu anayekung'uta zulia kwenye roshani ya mbali.

Halafu ile kona. Nimeiota mara nyingi tangu siku hiyo, na katika ndoto mpira haushuki upesi. Unapanda juu ya ukungu, unafika mahali penye jua, unabaki pale ukizunguka polepole, mweupe, na sote tumeinua nyuso. Tonton Shabani anatoka nyuma. Unamjua alivyo: muuza nyama, mzito, mwenye goti bovu, beki ambaye kazi yake maisha yake yote ni kuzuia. Sijui hata alikwenda mbele kufanya nini. Anaruka, ikiwa kule ni kuruka. Mpira unamgusa kipaji cha uso, unaingia.

Bao la kwanza la maisha yake katika timu yetu. Akageuka, akafungua mikono yote miwili, akaanza kutukimbilia sisi. Na sisi tukamtazama.

Ng'ambo walikuwa wanashangilia. "Bravo, tonton Shabani! Merci! Ongeza ingine!" Na Papa Kalenga alikuwa ameshika kichwa. "Uko natuua! Mutu hajaingizaka bao hata siku moja, leo ndiyo anaingiza?"

Wewe ulisimama. Ulipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Papa, ni Tonton Shabani! Simama, papa! Simama!" Ukanivuta mkono wa koti. Nami nikakuambia, kwa sauti ile niliyoitumia darasani miaka yote ile: "Kaa chini, Zaina. Hujui unachokishangilia."

Hukukaa. Uliteremka ukakimbia hadi kwenye mstari. Lakini mimi sikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa namwangalia Shabani, kwa maana alikuwa amekaribia kiasi cha kuziona nyuso zetu, na mikono yake ilianza kushuka. Haikuanguka. Ilishuka polepole, kama mtu aliyenyoosha mikono kumpokea mgeni kisha akatambua kwamba mgeni yule hakuja kwake. Ilikuwa imefika kiunoni ulipomfikia. Ukaushika mmoja ukauinua juu, na mkasimama hivyo wawili mbele ya watu wote walionyamaza.

Kwenye tramu ulisema neno moja tu. "Papa, alikuwa anatuangalia."

"Nilimwona," nikasema. Kisha tukatazama madirisha mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata Deo alivishwa jezi ya Saint-Gilles. Ni mchezaji mzuri kweli, sitakudanganya. Mzuri kuliko tulivyosikia. Sisi tulichagua wa pili, kijana mwenye adabu anayekimbia kama aliyechelewa tramu. Na wiki hiyo hiyo Shabani aliniambia, dukani kwake, akiwa amenipa mgongo: "Mwalimu, munisamehe. Kichwa ilienda yenyewe." Mtu alikuwa ananiomba radhi kwa sababu amefunga bao. Nami unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Si neno." Kana kwamba kweli kulikuwa na kosa, na mimi ndiye wa kulisamehe.

Mwanangu, nimefika mahali ambapo barua hii ilikuwa inanivuta tangu mwanzo.

Barua yako kutoka Lyon ilifika mwezi Juni. Uliisoma umesimama pale pale karibu na dirisha, kisha ukanisomea kwa sauti, kwamba ile karakana ya milango na madirisha ya nyumba za zamani inakupokea kujifunza useremala kwao, kuanzia Septemba. Ukanitazama. Mikono yako ilikuwa imefunguka kidogo, karatasi katika mmoja. Nami nikasema, "Soma tena. Labda kuna sharti."

Niliiona mikono ikishuka. Mara hii ilikuwa yako.

Baadaye nikakushauri kwa hoja nzuri, maana hoja sikosi. Karakana kubwa ya hapa Brussels, uliyoitamani tangu shuleni, ilikukatalia mwaka huu lakini ilikuambia ujaribu tena. Nikasema: iache Lyon, ni karakana ndogo. Kaa nyumbani mwaka mmoja. Mwaka ujao utakuwa mbele ya wote, utachagua wewe. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukafuta vumbi la msasa kwenye mikono yako, ukasema: "Papa, donc unataka nipoteze kwa kusudi, ili nichague kwanza? Mimi si équipe yenu, si timu."

Nilikasirika siku mbili. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umenipatia, na bado hukuona hata nusu ya jambo lenyewe. Ile hoja ya karakana kubwa ilikuwa nguo tu niliyoivisha haja yangu. Nilitaka ukose ili ubaki. Nilikuwa kwenye kiti cha Berchem tena, napokea habari ya ushindi wako nikipiga hesabu ya nitakachokipoteza: sauti ya randa yako kwenye roshani asubuhi, vumbi la mbao ndani ya sukari, mtu wa kubishana naye. Na kwa kuwa nimeapa kuandika kweli, hata sasa sehemu moja ya moyo wangu bado inatamani treni ya kesho isiwepo. Nakuambia hivyo usije ukadhani kwamba furaha nitakayokuonyesha ni ya mtu asiye na la kupoteza.

Tabia hii sikuipata kwenye mpira. Nilikuja nayo. Tulipofika hapa niliyaweka masanduku juu ya kabati bila kuyafungua yote, kwa sababu tungerudi mwaka unaofuata. Nilichukua kazi ya kufua mashuka ya hoteli, mimi mwalimu, nikasema si kitu, msimu huu tunaupoteza tu, unaokuja ndio wetu. Sikutundika picha ukutani. Mama yako alitaka mapazia ya rangi ya machungwa. Nikamwambia asubiri tuhamie kwenye nyumba kubwa. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, tukiwa tunapanda ngazi, mimi nimebeba mfuko wa viazi: "Papa, hapa ni kwetu?" Nikasema, "Bado." Ukapanda ngazi mbili tatu, ukauliza tena, "Na sasa?" Nikacheka, nikasema bado. Ukawa mchezo wetu. Kila ngazi, na sasa, bado, na sasa, bado, mpaka mlangoni. Leo nilipanda ngazi zile zile nikiwa na mfuko wa nyama, na nikaisikia sauti ile ndogo nyuma yangu kwa uwazi kiasi kwamba niligeuka.

Na meza hii. Uliitengeneza shuleni, ukaileta kwa gari la baba wa mwenzako, mkaipandisha ngazi mkicheka na kugonga kuta. Nikaipapasa, nikakuambia ni kazi safi, kisha nikaifunika nailoni tuitunze kwa ajili ya nyumba kubwa. Tukaendelea kula juu ya mkeka na ile meza ya chini ya mama yako. Uliniomba uirekebishe mguu mmoja, nikakukataza usiiguse. Sasa naandika na inayumba kidogo kila ninapofika mwisho wa mstari. Utaona mwandiko wangu umepinda. Usinisahihishe, nimewasahihisha watu vya kutosha kwa niaba ya nyumba hii. Nimemwaga pia chai hapa pembeni, na alama imebaki, duara. Niliifuta, kisha nikaacha kuifuta.

Mchana nilikwenda kwa Shabani kununua nyama ya leo. Duka lilikuwa na watu, nikangoja mpaka wakaisha. Nikasema, "Shabani, lile bao lako la Mei lilikuwa zuri."

Akasimamisha kisu. "Mwalimu, uko nacheka na mimi?"

"Sikucheki. Nimeliota tena juzi."

Alinitazama kwa muda kuona kama kuna mtego. Halafu akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni. "Unajua," akasema, "ile mupira, niliiona toka inaondoka ku mguu wa mwenye kupiga kona. Nikajisemea, hii yangu. Goti ilikuwa inauma, mais nikajisemea, hii yangu." Akanionyesha, pale pale kati ya friji na mashine ya kusaga, jinsi alivyokwenda, bega hivi, shingo hivi. Akafungua mikono. Aligonga soseji zilizoning'inia zikaanza kubembea, na sote wawili tukazitazama zikibembea mpaka zikatulia. Mtu mzima wa umri ule, Zaina, alikuwa amelibeba bao lake miezi yote ile kama kitu cha wizi, hana wa kumwonyesha.

Alipokuwa anapima akauliza, "Ni kesho mutoto anaenda?"

"Ni kesho."

Akaongeza kipande kizuri juu ya mzani. "Hii ya juu ni yake. Mwambie, siku ile, yeye ndiye alinishika mukono." Nami nakuambia.

Sina mashauri mengi, na machache niliyokuwa nayo nimeyachana pamoja na zile karatasi. Kule Lyon huenda ukapewa kwanza kazi ya kusugua mlango wa choo wa mtu usiyemjua. Ukiumaliza na ukawa umenyooka, ufurahie siku hiyo hiyo, na unipigie simu uniambie. Usingoje mpaka uwe mlango wa kanisa. Nami nitajifunza kupokea habari ya mlango wa choo jinsi inavyostahili. Na karakana kubwa ya Brussels ikikuita siku moja, utakwenda au hutakwenda, utaona wewe mwenyewe. Mimi sitapiga hesabu.

Jua limeondoka ukutani. Imebaki rangi tu, hata siyo rangi, ni kama kumbukumbu ya matofali yenyewe. Mama yako ameanza kuweka sahani, na nimemwambia leo tutakula juu ya meza, akanijibu, "Tiens! Nyumba kubwa imefika?" Hakungoja jibu. Amekwenda kutafuta kitambaa, anaimba.

Limebaki jambo moja la kukuonya, ili kesho lisikushtue.

Unajua mimi si mtu wa kelele. Miaka yote Berchem nimepiga makofi mawili kwa bao na moja kwa kona. Lakini alasiri hii, mama yako akiwa bafuni, nilifunga mlango wa jikoni nikajaribu. Sauti ilitoka vibaya. Mama yako akaita, "Nani ameanguka huko?" Nikajaribu tena, ikawa afadhali.

Basi kesho, pale kituoni, Gare du Midi, tukishakupandishia sanduku na mlango wa treni ukajifunga, kaa upande wa dirisha. Papa Kalenga amesema atakuja, na Shabani atafungua duka kwa kuchelewa. Treni ikianza kusogea utasikia mzee mmoja mwenye koti la kijivu akipiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga dakika ya mwisho, mikono yote miwili juu. Watu watamgeukia. Ni mimi. Inua mkono wako unijibu, usione haya.

Na mtu akiniambia nikae chini, sitakaa.

Papa